Grace Hopper: Mwalimu aliyejifunza kompyuta kwa kupewa kazi ya wiki moja

Na Mwandishi Wetu, Bomang'ombe

MSAFIRI atokaye Moshi kwenda Arusha hawezi kuupita mji wa Bomang'ombe bila kuuona. Hapa ndipo yalipo makao makuu ya Wilaya ya Hai, na hapa ndipo barabara ya kwenda Sanya Juu inapoachana na barabara kuu. Kando ya barabara hizo, katikati ya maduka ya pembejeo, migahawa na vituo vya bodaboda, vipo vyumba vidogo vya steshenari ambamo kompyuta moja au mbili huchapa barua za maombi ya kazi na kadi za michango ya harusi kutwa nzima.

Ndani ya vyumba kama hivyo, hapa na katika miji mingine ya nchi yetu, limo swali ambalo vijana wengi waliomaliza sekondari hujiuliza. Je, mtu anaweza kuvuka kutoka kuitumia kompyuta hadi kuiamuru, yaani kujifunza lugha ya kuiandikia programu, wakati hajui aanzie wapi, hana mwalimu wa karibu, na Kiingereza chake ni kile cha kuombea maji?

Jibu mojawapo limo katika maisha ya mwanamama wa Kimarekani, Grace Hopper, aliyefariki dunia Januari 1, 1992, akiwa na umri wa miaka 85. Jina lake linajulikana duniani kote kwa wanaofanya kazi ya kompyuta. Lisilosimuliwa mara nyingi ni jinsi alivyoianza kazi hiyo. Aliianza akiwa mtu mzima wa miaka 37, bila kitabu na bila darasa, kwa sababu alipewa kazi na kuambiwa siku ya kuikabidhi.

Saa saba za mezani

Grace Brewster Murray alizaliwa Desemba 9, 1906, katika Jiji la New York, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watatu. Babu yake mzaa mama alikuwa mhandisi na mpima ardhi, na mjukuu aliruhusiwa kufuatana naye kazini akimshikia fimbo ya kupimia.

Alipokuwa na umri wa miaka saba hivi alitaka kujua jinsi saa ya mezani inavyoweza kulia kengele kwa wakati uliopangwa. Akaifungua. Vipande vilipomwagika na akashindwa kuvirudisha, alifungua ya pili ili aone vilivyokaa, kisha ya tatu, mpaka saa zote saba za nyumba hiyo zikawa zimevunjwavunjwa. Mama yake hakumchapa. Alimpangia saa moja tu ya kuchezea, nyingine asiziguse.

Wazazi hao walikuwa na msimamo usio wa kawaida kwa zama zao. Baba yake alikuwa wakala wa bima aliyepoteza miguu kutokana na maradhi, na kwa kuwa hakuwa na hakika ya kuishi muda mrefu, alitaka binti zake wapate elimu ileile aliyoipata mtoto wa kiume, ili waweze kujitegemea.

Hata hivyo, safari ya binti huyo haikunyooka. Alipoomba kujiunga na Chuo cha Vassar kwa mara ya kwanza alikataliwa kwa sababu alama zake za Kilatini zilikuwa chini. Alirudia masomo, akakubaliwa mwaka uliofuata, na mwaka 1928 akahitimu katika hisabati na fizikia. Alikwenda Chuo Kikuu cha Yale, akapata shahada ya pili mwaka 1930 na udaktari wa hisabati mwaka 1934. Katika mwaka huo wa 1930 alifunga ndoa na Vincent Hopper, mwalimu wa fasihi, na jina la mumewe ndilo alilobaki nalo hadi mwisho.

Kuanzia mwaka 1931 alikuwa mwalimu wa hisabati Vassar. Aliwafundisha wanafunzi kanuni za bahati nasibu kwa michezo ya karata na dadu, na aliwataka waandike insha juu ya hisabati. Alizisahihisha insha hizo kwa kalamu ya mwalimu wa lugha, akikata maneno na kupanga sentensi. Wanafunzi walinung'unika kwamba wamekuja kusoma hesabu, si utunzi. Yeye alishikilia kwamba mtu asiyeweza kumweleza mwenzake alichokikokotoa, kazi yake haina faida.

Msimamo huo ndio uliokuja kuwa mhimili wa maisha yake ya baadaye, ingawa wakati huo kompyuta hazikuwapo.

Kazi ya wiki moja

Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia mwishoni mwa mwaka 1941, mwalimu huyo aliyekuwa na babu mkuu aliyewahi kuwa admirali alitaka kujiunga na Jeshi la Wanamaji. Alikataliwa. Umri wake ulikuwa umepita kiwango kilichotakiwa, na uzito wake ulikuwa pungufu kwa karibu kilo 7. Aliomba kibali maalumu, akakipata, na Desemba 1943 akaapishwa katika jeshi la akiba. Katika mafunzo ya maofisa wanawake aliibuka wa kwanza darasani.

Alitarajia kupangiwa kazi ya kuvunja maandishi ya siri ya adui. Badala yake, Julai 1944, Luteni Hopper alitumwa Chuo Kikuu cha Harvard, katika chumba cha chini cha jengo ambamo kulikuwa na mashine moja iliyoitwa Mark I.

Mashine hiyo ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 15, kimo cha karibu mita mbili na nusu na uzito wa zaidi ya tani 4. Ndani yake mlikuwa na nyaya zenye urefu wa mamia ya kilomita, magurudumu na swichi zilizokuwa zikigonga usiku na mchana. Iliweza kujumlisha mara tatu kwa sekunde moja, na kugawanya namba moja kwa nyingine kuliichukua sekunde kama 15. Simu ya mkononi iliyo katika mfuko wa dereva wa bodaboda wa Bomang'ombe leo inaiacha mbali kabisa, lakini kwa wakati ule hapakuwa na kitu cha kuilinganisha nayo.

Mkuu wa mradi, Howard Aiken, hakuwa mtu wa kubembeleza. Alimlaumu mgeni wake kwa kuchelewa kufika, akamwonyesha mashine, akampa kitabu kidogo cha alama za kuiamuru, kisha akamwagiza akokotoe mfululizo wa namba zinazohusu kinyume cha tanjenti na kuukamilisha ifikapo Alhamisi iliyofuata.

Hesabu yenyewe haikumtisha daktari wa hisabati. Kilichomtisha ni kwamba hakujua hata kidogo namna ya kuiambia mashine aifanye. Maelekezo yalitobolewa kwa matundu katika utepe wa karatasi, mstari mmoja kwa kila hatua. Tundu likikaa pasipo mahali pake, jibu zima linaharibika.

Waliomwokoa ni vijana wawili waliomtangulia, Robert Campbell na Richard Bloch, ambao kwa umri na elimu walikuwa wadogo kwake. Aliketi karibu nao akatazama wanavyofanya, akauliza, akajaribu, akakosea na kujaribu tena. Kazi hiyo ya kwanza ndiyo iliyokuwa darasa lake. Baada ya hapo zilifuata nyingine, na kila moja ilikuwa na mtu aliyekuwa akiingojea, kwa kuwa vita vilikuwa havijaisha. Mwaka huohuo mwanahisabati John von Neumann alileta Harvard hesabu ambayo baadaye ilijulikana kuwa ilihusu bomu la atomiki.

Mpangilio kama wa mfongo

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuona programu, huenda ikafaa kufikiria mfongo, yaani mfereji wa asili wa kumwagilia mashamba ambao Wachagga wamekuwa wakiuchimba miteremkoni mwa Kilimanjaro tangu enzi za mababu. Maji hayamfikii kila mtu kwa wakati mmoja. Wazee wa mfongo hupanga zamu: shamba hili lianze alfajiri, lango lake lifungwe jua likifika mahali fulani, kisha maji yaende shamba la pili. Maji yakipungua, zamu fulani inarukwa. Wa mwisho akimaliza, mzunguko unaanza upya.

Mpangilio huo ukiandikwa hatua kwa hatua, bila kuacha jambo lolote lieleweke lenyewe, unakaribia sana kuwa programu. Ugumu upo hapo kwenye kutoacha jambo lieleweke lenyewe. Jirani akikuta zamu yake imeandikwa vibaya atauliza, lakini mashine haiulizi. Itafungua lango lisilohusika na kuumwaga mto mzima.

Kwa sababu hiyo Hopper na wenzake walijiwekea utaratibu wa kuandika. Kipande cha maelekezo kilichokwisha kuthibitika kuwa sahihi kilinakiliwa katika daftari, ili anayekihitaji kesho asianze upya. Waliazimana madaftari hayo kama majirani wanavyoazimana mbegu. Lakini katika kunakili, watu waliochoka walikosea: alama moja ikaachwa, namba moja ikageuzwa. Hopper aliliona hilo, akalitunza moyoni. Ikiwa binadamu hukosea kunakili na mashine haichoki, kwa nini mashine yenyewe isifanye kazi ya kunakili?

Kabla hajalipatia swali hilo jawabu, Aiken alimwagiza kazi nyingine asiyoitarajia, nayo ni kuandika kitabu cha kueleza mashine hiyo. Alijitetea kwamba hajawahi kuandika kitabu, akajibiwa kwamba sasa yumo jeshini. Kitabu hicho chenye kurasa zaidi ya 500 kilichapwa mwaka 1946. Yule aliyefika bila kuwa na kitabu cha kumwelekeza akawa ndiye aliyewaandikia waliofuata.

Ipo pia hadithi ya mdudu, ambayo husimuliwa mara nyingi na kukosewa mara nyingi. Septemba 9, 1947, mafundi wa mashine iliyofuata, Mark II, walikuta nondo amenasa ndani ya swichi na kusimamisha kazi. Walimbandika katika kitabu cha kumbukumbu cha siku hiyo, na hadi leo kitabu hicho kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Washington. Hopper hakuwa aliyemwona mdudu huyo, wala hapo sipo neno la Kiingereza la mdudu lilipoanza kutumika kwa maana ya hitilafu. Wahandisi walikwisha kulitumia tangu karne ya 19. Yeye aliipenda tu hadithi hiyo, akaisimulia kila alipokwenda.

Kuanguka na kuinuka

Itakuwa si haki kuyasimulia maisha hayo kana kwamba yalikuwa ngazi ya kupanda tu. Ndoa yake ilivunjika, na talaka ikatolewa mwaka 1945. Hawakujaliwa watoto. Vita vilipokwisha alikataa nafasi ya uprofesa Vassar ili abaki na mashine, lakini mkataba wake Harvard ulipomalizika mwaka 1949 hapakuwa na nafasi ya kudumu kwake.

Miaka ile ya kazi za usiku na mashaka ya kesho ilimwachia pia ugonjwa wa pombe. Novemba 1949 alikamatwa na polisi mjini Philadelphia kwa ulevi, akalazwa hospitali. Rafiki waliofanya naye kazi walimwandikia na kumsihi abadilike. Alitoka katika shimo hilo kwa kushikwa mkono na watu na kwa kurudi kazini.

Kazi yenyewe ilikuwa katika kampuni changa ya Eckert na Mauchly, mjini humohumo Philadelphia, iliyokuwa ikitengeneza kompyuta ya kuuzwa, UNIVAC. Kampuni hiyo ilinunuliwa na Remington Rand mwaka 1950, naye akahamia chini ya mwajiri mpya.

Hapo ndipo alipolipatia jawabu swali la madaftari. Kati ya mwaka 1951 na 1952 alitunga programu aliyoiita A-0. Mtu aliipa orodha fupi ya alama, nayo ikavitafuta vipande vilivyohifadhiwa, ikavipanga na kuviunganisha kuwa programu kamili. Aliiita kompaila, kwa maana ya mkusanyaji. Wataalamu wa leo wanasema A-0 ilikuwa zaidi kiunganishi kuliko kompaila kamili kama zinavyojulikana sasa. Hata hivyo, ndani yake lilikuwamo wazo lililowashtua wengi: kwamba kompyuta inaweza kusaidia kuandika programu zake yenyewe. Mei 1952 aliwasilisha mada juu ya wazo hilo mbele ya wataalamu mjini Pittsburgh. Kwa muda mrefu aliambiwa kwamba kompyuta hujua hesabu tu, basi.

Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani

Hopper alikuwa amekutana na wateja. Alijua kwamba mhasibu wa kiwanda au karani wa stoo hatajifunza alama za kihisabati ili apate orodha ya mishahara. Watu hao walikuwa na maneno yao: jumlisha, linganisha, andika, simama. Akapendekeza kwamba programu iandikwe kwa maneno hayo, na kompaila iyageuze kuwa alama za mashine.

Mwaka 1955 aliwaandalia wakuu wa kampuni onyesho. Programu ndogo iliandikwa kwa maneno ya Kiingereza, na kompyuta ikaitekeleza. Kisha, ili kuonyesha kwamba kwa mashine maneno ni alama tu zinazoweza kubadilishwa, timu yake iliweka maneno ya Kifaransa mahali pa yale ya Kiingereza, na baadaye ya Kijerumani. Mashine ikafanya kazi ileile.

Alidhani watafurahi, kumbe aliwatia hofu. Kwao haikuingia akilini kwamba kompyuta iliyotengenezwa Marekani inaweza kufahamu Kifaransa au Kijerumani. Ilimlazimu kuahidi kwamba programu zitaandikwa kwa Kiingereza pekee, na ilimchukua miezi kadhaa kuwatuliza.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kulitazama tukio hilo mara mbili. Maneno ya Kiingereza yaliyojaa katika lugha za kompyuta hadi leo hayakuwekwa kwa sababu mashine inakijua Kiingereza. Mashine haijui lugha yoyote ya binadamu. Yaliwekwa kwa kuwa waliozitunga na waliozilipia walikuwa wasemaji wa Kiingereza. Anayejifunza lugha kama Python hapa Bomang'ombe anakutana na maneno machache ya amri ambayo hayazidi 40. Mtu aliyeweza kukariri majina ya wachezaji wa Simba na Yanga hawezi kushindwa na hayo. Kikwazo cha Kiingereza ni cha kweli katika kusoma vitabu na maelezo marefu, na si vyema kukidharau, lakini hakiko pale wengi wanapodhani kiko, yaani ndani ya mashine.

Lugha iliyotokana na kazi hiyo iliitwa FLOW-MATIC. Mwaka 1959 wawakilishi wa serikali ya Marekani, wa kampuni za kompyuta na wa watumiaji walikutana kutafuta lugha moja ya shughuli za biashara itakayofanya kazi katika kompyuta za kila kampuni. Ndipo ikazaliwa COBOL. Magazeti yamezoea kumwita Hopper mama wa lugha hiyo. Ukweli ni kwamba iliandikwa na kamati, wakiwamo wanawake wengine kama Jean Sammet na Betty Holberton, naye alikuwa mshauri. Lakini FLOW-MATIC ndiyo iliyokuwa msingi mkubwa wa kazi yao. Desemba 1960 programu zilezile za COBOL ziliendeshwa katika kompyuta za kampuni mbili zilizokuwa zikishindana, na zikafanya kazi kote kuwili. Hadi leo programu nyingi za COBOL bado zinahesabu fedha katika mabenki na ofisi za serikali za nchi mbalimbali.

Nchi yetu nayo iliguswa mapema na mawimbi hayo. Kompyuta ya kwanza ya serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Lakini baada ya matatizo na hasara katika matumizi yake, mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na miaka mingi ikapita kabla ya zuio hilo kulegezwa. Wazazi wa vijana wengi wanaokaa leo mbele ya kompyuta za steshenari walikulia katika nchi ambayo mashine hiyo ilikuwa bidhaa ya kuombewa kibali.

Waya wa sentimeta 30

Mwishoni mwa mwaka 1966 Jeshi la Wanamaji lilimstaafisha Hopper kwa sababu ya umri, akiwa na cheo cha Kamanda. Alikiri baadaye kwamba siku hiyo ilikuwa ya huzuni kuliko zote. Agosti 1967 aliitwa arudi kwa miezi sita, kwani programu za jeshi, zikiwamo za mishahara, hazikuwa zikielewana. Miezi hiyo sita ilizaa takriban miaka 19. Alipanda hadi Kapteni mwaka 1973 na Komodoo mwaka 1983, cheo ambacho mwaka 1985 kilibadilishwa jina na kuingizwa katika ngazi ya maadmirali. Alistaafu kwa mara ya mwisho Agosti 14, 1986, akiwa na miaka 79, ofisa mwenye umri mkubwa kuliko wote waliokuwa kazini katika jeshi hilo. Wiki chache baadaye alikuwa ameajiriwa na kampuni ya kompyuta ya Digital.

Katika miaka hiyo alikuwa mwalimu wa nchi nzima. Wakubwa walipomuuliza kwa nini ujumbe kupitia setilaiti huchelewa, aligawa vipande vya waya vyenye urefu wa karibu sentimeta 30. Huo, aliwaeleza, ni umbali ambao umeme hauwezi kuuzidi katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Kati ya hapa na setilaiti vipo vipande vingi mno. Hakuna aliyekishika kipande hicho mkononi akasahau somo. Ofisini kwake aliweka saa ya ukutani iliyokwenda kinyumenyume, ili anayeingia aone kwamba mazoea si sheria.

Alizikwa katika makaburi ya kitaifa ya Arlington kwa heshima za kijeshi. Manowari moja ya Marekani inaitwa kwa jina lake, na mwaka 2016 alitunukiwa nishani ya juu ya kiraia ya nchi hiyo, miaka 24 baada ya kifo chake.

Kazi ya kuanzia

Je, maisha hayo yana nini cha kumpa kijana wa Bomang'ombe? Ni kweli kwamba Hopper alikuwa na shahada ya udaktari, na wazazi waliomruhusu kuvunja saa. Kijana wetu huenda hana hata kompyuta ya kuazima kwa saa mbili bila kulipia. Tofauti hiyo isifunikwe kwa maneno matamu.

Lakini katika jambo lenyewe, siku ile ya Julai 1944, udaktari wake haukumpa hata mstari mmoja wa programu. Alichokuwa nacho ni kazi halisi, siku ya kuikabidhi, watu wawili waliokuwa tayari kuulizwa, na daftari. Hakusubiri amalize kujifunza ndipo aanze kufanya.

Kazi za namna hiyo hazihitaji kutafutwa mbali. Katika Wilaya ya Hai wapo akina mama wanaopeleka maziwa asubuhi na jioni katika vituo vya kukusanyia, na mwisho wa mwezi hujumlishiwa lita na fedha zao kwa kalamu. Programu ya kwanza ya mwanafunzi inaweza kuwa hiyo: ipokee lita za asubuhi, ipokee za jioni, ijumlishe, izidishe kwa bei. Siku ya pili aifundishe kumkataa karani aliyeandika lita 500 badala ya 5. Siku ya tatu aifundishe kuwatenganisha mama wawili wenye jina moja. Kila siku itamletea kosa jipya, na kila kosa litamlazimisha kujifunza kipande kingine cha lugha ambacho hangekijua kwa kusoma tu.

Makosa hayo ayaandike katika daftari, pamoja na tarehe na namna alivyoyatatua. Kisha amwonyeshe mama mmoja hesabu ya mashine na ile ya kalamu. Zikitofautiana, asikimbilie kuilaumu kalamu.